Nimepewa nafasi ya Daktari, lakini maneno yake yananichoma

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa Kidato cha Sita, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), katika shule moja hapa Dodoma mjini. Kwenye fasihi ya Kiingereza mwaka huu tunasoma tamthilia mbili: An Enemy of the People ya Henrik Ibsen, na I Will Marry When I Want ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Ya pili haijanisumbua. Ya kwanza ndiyo inayoninyima usingizi.

Kwa wasomaji wako ambao hawajaisoma, kuna Daktari anaitwa Stockmann, kwenye mji mdogo wa pwani nchini Norway. Mji unategemea bafu za maji ya tiba ambazo wageni huja kuoga ili wapone. Daktari anapeleka maji yakapimwe na kugundua yamechafuliwa na viwanda vya ngozi, kwa hiyo wagonjwa wanaongezewa ugonjwa. Meya, ambaye ni kaka yake wa damu, anataka jambo hilo lifichwe kwa sababu ya gharama. Watu wa gazeti wanamuunga mkono Daktari, halafu wanamgeuka. Anaitisha mkutano, na mkutano unamtangaza kuwa adui wa watu.

Nilianza kusoma nikimshangilia. Nilipofika Tendo la Nne, kwenye huo mkutano, nikakwama. Daktari anasema walio wengi hawawi sahihi kamwe. Anasema watu wa kawaida ni kama mbwa koko, na kwamba kuna mbwa wa uzao bora waliolelewa kwenye nyumba za wakubwa ambao akili zao ni nyingine kabisa. Bibi yangu mzaa mama anaishi Bahi, analima mpunga, hakukanyaga darasani. Kwenye mikutano ya kijiji huwa anasimama na kusema, na watu wanamsikiliza. Niliposoma yale maneno nilihisi anasemwa yeye.

Nikalitoa hilo kwenye diskasheni. Kiongozi wa kikundi akafungua desa, zile notisi za kukariri: "Dr. Stockmann ni shujaa, mkweli, ana msimamo, mwanamapinduzi." Akaniambia niandike hivyo, nikileta yangu nitafeli. Wengine wameangalia filamu kwenye simu, wanasema habari za mbwa hazimo, eti nimesoma vibaya. Nilipomuuliza mwalimu wetu alikuwa anakimbilia kipindi kingine, akasema niandike kinachotakiwa.

Sasa shule ina siku ya fasihi, tutaigiza Tendo la Nne mbele ya wanafunzi wote, na mimi ndiye nimechaguliwa kuwa Daktari. Nimeshika maneno yote, lakini nikifika pale kwa mbwa sauti inakatika. Nimefikiria kumwachia mwenzangu nafasi hiyo.

Mwalimu, je, nimekielewa vibaya kitabu? Nikiandika ninachokiona mimi, nitafeli? Na niigize au niache?

Ni mimi mwanao,
Msomaji wa Dodoma

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kitabu umekisoma vizuri, na maneno hayo yamo kama ulivyoyaona. Wenzako nao huenda hawakudanganyi kuhusu filamu. Kama waliyoiangalia ni ile ya Marekani ya 1978, ilitengenezwa kutokana na toleo la Arthur Miller la 1950, na Miller aliiandika upya tamthilia ya Ibsen kwa ajili ya watazamaji wa nchi yake na wakati wake. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka mitano tu nyuma, na dunia ilikuwa imeona mauaji yaliyofanywa kwa jina la uzao bora. Miller aliona mifano ya uzao wa wanyama haiwezi tena kusemwa na mtu anayetakiwa kupendwa na watazamaji, akaiondoa. Kwa hiyo ninyi mnabishana mkiwa na matoleo mawili tofauti mikononi. Waambie wote waangalie jalada: lenye jina la Miller ni andiko la Miller, na kama shule imewapa la Ibsen, mtajibu mtihani kwa kitabu cha Ibsen. Filamu iacheni kwa jioni za Jumamosi.

Sasa tuje kwa huyo Daktari. Ibsen aliandika tamthilia hii mwaka 1882. Mwaka mmoja kabla, tamthilia yake Ghosts ilikuwa imezua kelele kubwa. Magazeti yalimshambulia, hata yale yaliyojiita ya watu huru. Hasira hiyo unaisikia kwenye kinywa cha Stockmann, na ndiyo maana wengi humchukua Daktari kama Ibsen mwenyewe aliyevaa koti jingine. Lakini alipompelekea mchapishaji wake, Frederik Hegel, maandishi ya tamthilia hiyo, Ibsen alimwandikia kwamba yeye na Daktari wamepatana vizuri na wanakubaliana katika mengi, ila Daktari ana vurugu zaidi kichwani kuliko yeye. Mwandishi mwenyewe alisimama hatua chache kando ya shujaa wake. Na wewe unaruhusiwa kusimama hapo.

Nataka usome tena Tendo la Nne polepole, safari hii ukiacha hotuba na kufuata namna mkutano unavyoendeshwa. Naamini hapo ndipo jibu lako lilipo, na hapo ndipo madesa yanaporuka.

Daktari ameita watu nyumbani kwa Kapteni Horster kwa sababu kila ukumbi mjini amenyimwa. Amekuja na jambo moja: taarifa ya maji. Kabla hajafungua mdomo, Meya na Aslaksen wanasema mkutano hauwezi kuendelea bila mwenyekiti. Anachaguliwa nani? Aslaksen mwenyewe, mpiga chapa, kiongozi wa chama cha wenye nyumba, yule anayehubiri kiasi na busara kila anapofungua kinywa. Kisha Meya anatoa hoja kwamba Daktari asiruhusiwe kusoma wala kuieleza taarifa yake. Kengele ya mwenyekiti inalia. Kabla hoja haijapigiwa kura, Daktari mwenyewe anasema kura haihitajiki, kwani habari za bafu hatazigusa, ndipo anapoanza kusema.

Umeona kilichotokea? Watu waliojaa mle ndani hawakuisikia taarifa ya maji hata kidogo. Walikuja kuisikia, ikafungiwa mlangoni na watu watatu wanne wenye maslahi. Halafu Daktari, badala ya kupigania wasikie, anawageukia wao. Anawaambia amefanya ugunduzi mkubwa kuliko ule wa maji, kwamba chemchemi za maisha yao ya kiroho zina sumu na kwamba adui mkubwa wa ukweli ni walio wengi. Kuanzia hapo maji yamesahauliwa na wote, akiwemo yeye. Meya asingeweza kuomba zawadi kubwa kuliko hiyo.

Mwulize bibi yako wa Bahi kuhusu mikutano. Simaanishi umsimulie Ibsen, ingawa ukipenda msimulie. Mwulize ni lini aliona mkutano umeisha kabla haujaanza: nani alikaa kiti cha mbele, nani alitangulia kupewa nafasi, ajenda ipi ilipelekwa kwenye mengineyo na muda ukaisha. Mtu aliyekaa kwenye mikutano mikuu ya kijiji kwa miaka mingi anaijua sayansi hiyo kuliko mimi niliyefundisha tamthilia. Ukirudi kwa Aslaksen baada ya mazungumzo hayo utamwona kwa macho mengine, na kengele yake utaisikia.

Kisha angalia hao walio wengi ni akina nani. Aslaksen anapomwahidi Daktari msaada wa walio wengi walioshikamana, anasema kwa niaba ya wenye nyumba na wafanyabiashara wadogo. Hao ndio wanaogeuka Tendo la Tatu, mara Meya anapowaambia kwamba wamiliki wa bafu hawatatoa fedha, kwamba gharama italipwa kwa mkopo wa mji, yaani mifuko yao, na kwamba bafu zitafungwa miaka miwili. Haikuchukua hata nusu saa. Maskini wa mji hawakuwepo ofisini kwa gazeti siku ile. Wanawake nao, hata wale waliohudhuria mkutano, hawakuwa wapiga kura nchini mwao. Wanawake wa Norway walipata haki hiyo kikamilifu mwaka 1913. Daktari akisema "walio wengi", mbele yake kuna tabaka moja lenye nyumba na hofu ya kodi. Lawama anaipeleka kwa umati wote, na kwa watu wa chini zaidi kuliko hata kwa kaka yake.

Na kuna watu wengine ambao hawasemi kabisa: wagonjwa. Katika matendo yote matano hakuna mgonjwa hata mmoja anayepanda jukwaani. Tunaambiwa tu kwamba mwaka uliopita kulikuwa na homa ya matumbo na magonjwa ya tumbo miongoni mwa wageni. Wewe umekulia mji mkavu unaotegemea visima vya Mzakwe. Unajua maji yanavyotajwa katika nyumba kabla hata ya chakula. Sijui kama kuna mwanafunzi aliye mahali pazuri zaidi pa kuuliza swali hili: ikiwa Meya anafikiria gharama, gazeti linafikiria wasomaji, na Daktari anafikiria ukweli wake, nani katika tamthilia hii anamfikiria anayeoga?

Kwa hiyo msimamo wako upo, na unaweza kusemwa kwa sentensi moja: Daktari yuko sahihi kuhusu maji na anakosea kuhusu watu. Usiogope kuuandika hivyo, kwa Kiingereza chepesi. Lakini lazima umtendee haki, vinginevyo utakuwa umefanya alichofanya yeye pale ukumbini. Huyu ni mtu aliyepoteza kazi. Madirisha yake yamevunjwa kwa mawe, mwenye nyumba amempa notisi, binti yake Petra amefukuzwa ualimu, Horster amenyang'anywa meli. Morten Kiil, mzee aliyemlea mke wake Katherine, amenunua hisa za bafu kwa fedha ambazo zingekuwa urithi wa Katherine na watoto, na anamtaka aseme maji ni safi ili hisa zisipoteze thamani. Daktari anamjibu hapana, mara tatu, kwenye kadi. Wangapi tungeweza? Ujasiri ule ni wa kweli. Dharau nayo ni ya kweli, na imekaa ndani ya mtu yule yule. Mwanafunzi anayeweza kushika vyote viwili bila kudondosha kimoja ameielewa tamthilia kuliko desa lolote.

Kuhusu kufeli. Desa halikukosea kusema Daktari ni mkweli na ana msimamo. Limekosea kuishia hapo. Alama kwenye insha ya fasihi zinatokana na hoja iliyofungwa na tukio. Ukiandika "Stockmann ni jasiri" ukaenda hoja inayofuata, umetoa tangazo. Ukiandika kwamba anaikataa fedha ya Kiil ilhali familia yake haina nyumba wala mshahara, hiyo ni hoja. Ukiendelea kwamba mtu huyo huyo alikubali kuacha habari za maji ili tu apewe nafasi ya kuzungumza, na kwamba uamuzi huo uliwamaliza wagonjwa, mtahini atainua kichwa. Soma swali kwanza, maana swali likikuomba ujadili uongozi mbaya, anza na Meya na namna alivyouteka mkutano, usianze na mbwa. Maoni yako yatoe pale swali linapoyafungulia njia, hasa maswali yenye "jadili" au "je, unakubali". Likikuomba umtetee Daktari kama shujaa, mtetee kwa nguvu zote, kisha aya moja ya mwisho ionyeshe mpaka wa ushujaa huo.

Na hapo kuna kitu kizuri ambacho sikuona umekitaja. Tendo la Tano, Daktari akiwa ameamua kubaki mjini, anasema atafungua shule na kufundisha watoto wa mitaani, wale wasio na viatu wala malezi. Anawaita mbwa koko vilevile, na anasema huenda kuna vichwa vya ajabu miongoni mwao. Amebadilika au hajabadilika? Mimi naona amebadilika nusu. Ameacha kuwatupa, lakini bado anawachungulia kutoka juu. Peleka swali hilo kwenye diskasheni, mtabishana hadi kengele ya prepo.

Hiyo tamthilia ya pili isome ukiwa na swali lile lile. Ilizaliwa kwa Kikikuyu, ikaigizwa Kamiriithu mwaka 1977 na wakulima na wafanyakazi wa kijiji, ambao waliisahihisha na kuiongezea wakati wa mazoezi kwa sababu maisha yaliyosimuliwa yalikuwa yao. Serikali ya Kenya iliuzuia mchezo baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu mwisho wa mwaka huo. Hapa kuna waandishi wawili walioamini kwamba watu wasiosoma wanajua jambo ambalo msomi hajui. Ukiambiwa utumie tamthilia mbili, ukiziweka hizi bega kwa bega juu ya namna kila moja inavyowatazama watu wa chini, utakuwa na insha ambayo haijaandikwa kwenye madesa ya mtaa wowote.

Tumalizie na jukwaa. Ushauri wangu ni uigize. Wewe unayechomwa na maneno yale ndiye unayejua yana uzito gani; akipewa anayeyaona ya kawaida, atayapitia mbio na watazamaji hawatasikia kitu. Usimwigize Daktari kama mtu mwovu. Ingia ukumbini ukiwa na karatasi za taarifa mkononi, ukiwa na furaha, ukiamini kabisa kwamba watu watakusikiliza. Kila kengele inapolia, kila hoja inapotolewa dhidi yako, acha furaha hiyo ichubuke kidogo. Ukifika kwenye mbwa uwe umeshachoka na kuumia, na maneno yatoke kwa mtu aliyeumia anayetafuta wa kumuumiza. Sauti ikikatika pale, iache ikatike kwanza, kisha malizia sentensi ukimtazama mtu mmoja aliyekaa mbele. Kimya kikitanda ukumbini usikimbilie kukifunika. Waombe wenzako wanaoigiza wananchi wasikae jukwaani, wakae katikati ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, ili kura ikipigwa wadogo wajikute wamezungukwa na mikono iliyoinuliwa. Na mtu akitaka kufupisha mchezo kwa kuondoa habari za mbwa, kataa kwa adabu, kateni kwingine.

Ukijaribu mazoezini mara kadhaa ukaona bado hauwezi, omba nafasi ya Aslaksen. Ni nafasi ngumu na tamu, na kengele itakuwa mkononi mwako. Hakuna atakayekuona umekimbia.

Kuhusu mwalimu wako, usimbebee moyoni. Walimu wa fasihi wa shule zetu wana mikondo mingi na daftari nyingi za kusahihisha, na swali kubwa likiulizwa korido kati ya vipindi viwili hupata jibu la korido. Andika aya moja tu, ya mistari kumi na tano hivi, kuhusu Aslaksen kuchaguliwa mwenyekiti na taarifa ya maji kuzuiwa. Iandike kwa Kiingereza, nadhifu, uiweke mezani kwake wakati wa mapumziko, umwombe aisahihishe akipata nafasi kabla ya moko, yaani mtihani wa majaribio. Akikurudishia na wino mwekundu, soma wino huo kwa makini, kisha andika ya pili.